Neno Hili Umelipokea kwa Nani?

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada za juu wa Kiswahili kuhusu kunukuu na kutaja vyanzo

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi wa umahiri na uzamivu: nawasalimu nyote. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo lililotukusanya.

Nimeombwa nizungumzie nukuu na marejeleo. Najua mada hii huwafikieni kama somo la alama za uandishi: mkato ukae wapi, mwaka uingie kwenye mabano au ubaki nje, jina la kitabu liandikwe kwa italiki au lipigiwe mstari. Hayo nitayagusa, maana yana kazi yake. Lakini mkianza na mkato mtaishia kwenye mkato. Mimi nataka tuanze na Muyaka.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mombasa, anakadiriwa kuzaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Aliutungia mji wake mashairi katika miaka ya mvutano kati ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na alitunga pia juu ya mapenzi na maisha ya kila siku ya watu wa mji. Hakuchapa diwani. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu, hadi baadaye katika karne hiyohiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, alipoyakusanya. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi pwani, ambaye aliyanakili na kuyawekea maelezo. Karatasi za Taylor zilifika London, na leo zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha huko huko London. William Hichens alihariri diwani ya Muyaka kutokana na kazi hiyo, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, yapata karne nzima baada ya mtunzi kufariki. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake kuhusu Muyaka, chenye mashairi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya mazingira yaliyoyazaa.

Sasa mwanafunzi ananukuu ubeti mmoja, halafu mwisho wake anaandika kwenye mabano: Muyaka, 1840. Mabano hayo yanadai kwamba kuna kitabu cha Muyaka cha mwaka 1840 na kwamba mwandishi amekisoma. Hakuna kitabu hicho. Alichokuwa nacho mkononi ni kitabu cha 1979, au cha 1940, au, kama ilivyo mara nyingi, makala ya mtu mwingine iliyonukuu kimojawapo. Kati ya sauti ya Muyaka na kompyuta ya mwanafunzi wamepita watu wanne au watano, na kila mmoja alikuwa na uamuzi wa kufanya. Anayekumbuka hukumbuka alivyosikia. Mkusanyaji hana budi kuchagua pale wakumbukaji wanapotofautiana. Mnakili anayetoka kwenye herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi huamua sauti ambayo maandishi hayakuionyesha. Mhariri hupanga, huweka nukta, hutoa vichwa. Anayeandika "Muyaka, 1840" amewafuta watu hao wote kwa mabano mawili.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Unapotaja chanzo unatoa ushahidi kuhusu mkono uliokupa neno. Mengine yote katika somo hili, pamoja na mikato na mabano, yanatokana na hapo.

Na watu wa pwani hawakusubiri vyuo vikuu vije kuwafundisha jambo hili. Yeyote aliyekaa madrasa anajua kwamba hadithi ya Mtume huja na isnadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, hadi kwa aliyesikia. Wanazuoni kama Bukhari, katika karne ya 9, hawakuishia kuyapima maneno. Waliwapima wapokezi mmoja mmoja: huyu na huyu waliwahi kukutana? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje uzeeni? Mpokezi mmoja akikosekana katikati, hadithi hupungua nguvu hata maneno yake yakiwa mazuri namna gani. Vilevile tendi zetu nyingi za kale humalizika kwa mtunzi kujitaja, kutaja mwaka wa Hijria na hata hesabu ya beti, ili atakayenakili baadaye asiongeze wala kupunguza bila kugundulika. Sisi ni warithi wa nidhamu hiyo. Inaniuma ninapoona kijana wa Kiswahili anayachukulia marejeleo kama adhabu iliyoletwa na wageni.

Kanuni ya kwanza, basi, na kwangu ndiyo kubwa: taja ulichokisoma. Ukikuta maneno ya Hichens ndani ya kitabu cha mtu mwingine, na diwani ya 1940 hukuipata, andika kwamba ni Hichens kama alivyonukuliwa na huyo uliyemsoma, kisha kwenye orodha ya marejeleo muweke uliyemsoma peke yake. Wanafunzi wengi huona haya kufanya hivyo, wakidhani mtahini atasema hawakusoma vya kutosha. Haya iko upande wa pili. Tuseme tasnifu tatu za miaka tofauti zinanukuu sentensi ileile, zinaikata mahali palepale, na zote zinatoa ukurasa wa 54, ambao ukiufungua hukuti kitu, kwa kuwa aliyetangulia alikusudia 45. Kosa la kidole cha mtu mmoja limekuwa kosa la watatu, na wawili wa mwisho wameweka saini chini ya tamko kwamba kazi ni yao, hali kitabu hawakukifungua. Mtahini hahitaji programu yoyote kuliona hilo. Anahitaji kitabu na dakika tano.

Najua vitabu ni haba. Diwani nyingi za zamani hazijachapishwa tena, nakala moja ya maktaba huzungukwa na darasa zima, na kuna matoleo yanayopatikana nje ya nchi tu. Uhaba huo unakupa sababu ya kupitia kwa mwingine. Haukupi ruhusa ya kuficha kwamba umepitia kwa mwingine.

Kutaja ulichokisoma maana yake ni kutaja pia toleo. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia moja ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Baadaye aliipitia upya, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtafsiri ni yuleyule, tamthilia ni ileile, lakini ni matini mbili. Mtafiti wa tafsiri asiyesema anayo ipi hajasema kitu. Qurani nayo: Godfrey Dale alitoa tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1923, Waahmadiyya wakatoa yao 1953, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa yake kamili 1969. Sura na aya zitakupeleka mahali pamoja, ila maneno ya Kiswahili utakayoyakuta hayafanani, na nyuma ya tofauti hizo yamo mabishano mazito ya kidini. Ukinukuu aya kwa Kiswahili bila kumtaja mtafsiri, umeyaweka maneno ya mwanadamu fulani mahali ambapo msomaji atadhani hakuna mwanadamu aliyehusika. Biblia ni hivyohivyo: kitabu, sura, mstari, na tafsiri. Hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo karibu kila sura ya kwanza huikimbilia, ina toleo la 1981 na la 2004, na fasili za humo zimeguswaguswa. (Nikiwa hapo: si kila dhana inahitaji fasili ya kamusi. Mwanafunzi wa uzamivu wa fasihi anayefungua tasnifu kwa kutuambia kamusi inasema fasihi ni nini, ametumia ukurasa wake wa kwanza kutuambia tulichokuwa nacho.)

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Ukishafungua alama za nukuu, kilichomo ndani si mali yako. Huruhusiwi kukisahihisha, kukipamba wala kukisanifisha. Muyaka alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kimvita husema mato pale Kiswahili sanifu kinaposema macho. Mwanafunzi mwenye nia njema, akidhani anamsaidia msomaji, huandika macho, na kina cha -to kilichobeba ubeti kikafa mikononi mwake. Kisha katika sura ya nne anaandika kwamba mshairi amelegeza vina. Amemshitaki marehemu kwa kosa alilolitenda yeye! Nakili herufi kwa herufi. Neno likikutatiza, lieleze kwenye tanbihi. Kama kuna kosa la chapa la wazi, liache palepale na uandike ndani ya mabano ya mraba: kama ilivyo katika matini. Chochote unachokiongeza ndani ya nukuu kikae kwenye mabano ya mraba, ili msomaji aone mkono wako ulipoingia.

Na unapopunguza, weka nukta tatu, halafu jiulize umepunguza nini. Katika lugha yetu ukanushi mara nyingi umebebwa na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Ukikata vibaya umegeuza maana nzima. Kuna ukataji mbaya zaidi kuliko huo. Mwandishi anaanza aya kwa kusema: wapo wanaodai kwamba ushairi wa Kiswahili ni zao la ugeni. Anayaeleza madai yao kwa haki, sentensi nne au tano, kisha anayavunja. Mwanafunzi anachukua sentensi ya tatu, anaifungia alama za nukuu, anatoa ukurasa sahihi na mwaka sahihi, na kumfanya mwandishi aonekane anaamini kile alichokuja kukibomoa. Kila herufi iko sawa na bado ni uongo. Msinukuu kutoka kwenye aya ambayo hamkuisoma hadi mwisho, na ikiwezekana someni ya kabla yake na ya baada yake.

Ninyi mnaoandika kwa Kiswahili mna jambo jingine ambalo miongozo ya kigeni hailizingatii vya kutosha. Nadharia nyingi mnazozitumia mmezisoma kwa Kiingereza. Mnazileta kwa Kiswahili ndani ya alama za nukuu, kana kwamba wananadharia wa fasihi Barthes au Bakhtin alizaliwa Tanga. Sawa, tafsiri ni lazima, lakini semeni kwamba ni tafsiri yenu. Wekeni maneno ya Kiingereza kwenye tanbihi chini ya ukurasa, hasa pale hoja inapotegemea istilahi moja, ili msomaji apime kama mmeitendea haki. Kwa waandishi kama hao wawili, kumbukeni pia kwamba hicho Kiingereza chenyewe ni tafsiri, kutoka Kifaransa na Kirusi, na mtafsiri wake naye ana jina.

Halafu kuna wizi ambao karibu hakuna anayeuita wizi. Mtu aliyetangulia alihangaika juma zima kupata Kiswahili kizuri cha aya ngumu ya nadharia. Akaiweka kwenye tasnifu yake. Mwingine anaikuta, inampendeza, anaichukua neno kwa neno, kisha mwishoni anaweka jina la Mzungu, mwaka, na ukurasa wa kitabu cha Kiingereza. Mzungu ametajwa. Mswahili aliyefanya kazi amefutwa. Tunalalamika kwamba taaluma ya Kiswahili haithaminiwi, na huku sisi wenyewe tunaifanya isionekane. Ukitumia tafsiri ya mwenzako, mtaje mwenzako: tafsiri ni ya fulani, mwaka fulani, ukurasa fulani.

Wengi huniuliza juu ya kueleza upya kwa maneno yako. Nitatoa mfano, na sentensi hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya leo, msiitafute popote. Chukulieni chanzo kinasema: "Utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu kabla haujasomwa kimya na mtu mmoja." Mwanafunzi anaandika: "Tenzi zilikuwa zikisomwa kwa sauti mbele ya hadhira kabla ya kusomwa kimya na mtu mmojammoja." Kabadili umoja kuwa wingi, kaweka hadhira mahali pa watu, na anadhani sasa ni maneno yake. Si yake. Mfupa wa sentensi ni uleule. Hata akimtaja mwandishi, kwa kuwa hakuweka alama za nukuu anadai kwamba ufundi wa sentensi ni wake. Ama anukuu kama ilivyo, ama afunge kitabu, atafakari imemfundisha nini, na aandike kwa haja ya hoja yake mwenyewe. Labda anazungumzia takriri, yaani urudiaji wa maneno. Basi aandike kwamba takriri za utenzi zinaeleweka zaidi tukikumbuka kuwa msikilizaji hakuweza kurudi ukurasa wa nyuma, kisha amtaje aliyemwonyesha kwamba tenzi zilisomwa kwa sauti. Hapo kuna kazi mbili, ya mwenzake na yake, na msomaji anaona mpaka ulipo.

Mpaka huo ukifichwa, kosa haliozi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimfutia Annette Schavan shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 1980, kwa kutumia maneno na mawazo ya wengine bila kuyaonyesha. Wakati huo alikuwa waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani. Alikana kwamba alikusudia kudanganya, akaenda mahakamani, akashindwa. Na uwaziri alikwisha kuuacha siku chache baada ya uamuzi wa chuo. Miaka 33 ilikuwa imepita. Ninyi mnaandika katika wakati ambapo tasnifu nyingi huwekwa mtandaoni, na kila mtu mwenye simu anaweza kuzifungua.

Kiasi cha kunukuu je? Mkataba wa Berne wa hakimiliki, katika ibara yake ya 10, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, mradi iwe kwa uungwana na kwa kadiri ya lengo, na chanzo pamoja na jina la mwandishi vitajwe. Kwa kadiri ya lengo: shikeni maneno hayo manne. Ukichambua mizani ya ubeti, uweke ubeti mzima na mishororo yake kama ilivyopangwa, ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, vionekane. Ukitaka tu kusema kwamba shairi linamsifu mama, hakuna haja ya beti sita. Na usiiache nukuu peke yake barazani. Itangulize kwa kusema kwa nini inakuja, kisha ifuate kwa kusema umeona nini ndani yake. Nukuu isiyofuatwa na sauti yako imekuja kujaza ukurasa.

Hili la sauti ndilo tatizo kubwa la sura zenu za mapitio ya maandiko. Aya ya kwanza: fulani (1996) anasema kwamba. Aya ya pili: fulani (2003) anasema kwamba. Aya ya tatu, fulani na wenzake (2011) wanasema kwamba. Kurasa 20 za watu wanaosema, na mwenye tasnifu yuko kimya kama mgeni kwenye harusi yake. Waulizeni maswali watu hao! Nani anapingana na nani? Nani alikusanya data, na nani alirudia ya mwenzake? Tumieni pia vitenzi kwa uangalifu. Anadai, anadokeza, anathibitisha, anakanusha, anasisitiza, anakiri: kila kimoja ni hukumu. Ukiandika anathibitisha, umekula kiapo kwamba ushahidi ulikuwepo na uliuona.

Mitindo ya kuandika marejeleo, kama APA, MLA na Chicago, nitaipitia kwa haraka. APA, ambao toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019, unataka nukuu yenye maneno 40 au zaidi isogezwe ndani, isimame peke yake bila alama za nukuu. MLA na Chicago wana vipimo vyao. Mwongozo wa chuo chako ndio unaoamua, ufuate, na uufuate kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa vifupisho tumieni vyetu: uk. kwa ukurasa, taz. kwa tazama, na wenzake pale waandishi wanapokuwa wengi. Muwe waangalifu na majina. Robert huingia kwenye R, na Shaaban hufuata. Lakini Muyaka bin Haji haingii kwenye B ya bin, na Mwana Kupona hawezi kugawanywa akaitwa Kupona, M. Programu za kupanga marejeleo zimeundwa kwa majina ya ukoo ya Ulaya; zikikosea jina la Mswahili wa karne ya 19, mwenye kosa ni wewe uliyeziacha.

Nimeharakisha hapo kwa sababu nataka muda kwa ajili ya watu wasioandika vitabu.

Wengi wenu mtakwenda uwandani. Mtakaa na malenga Pemba, na mtambaji Lamu, na bibi anayejua nyimbo za unyago kule Mtwara. Mtarekodi saa nyingi. Kisha kwenye tasnifu mnaandika: mhojiwa namba 7, mwanamke, miaka 71, data ya uwandani. Na nadharia ya profesa wa ng'ambo, aliyeandika sentensi moja tu mnayoihitaji, mnaitaja kwa jina, mwaka na ukurasa. Hebu tazameni jambo hilo kwa macho yaliyotulia. Aliyewapa ubeti mzima amekuwa namba.

Nazijua kanuni za maadili ya utafiti, na nazitetea. Anayekusimulia ndoa yake, maradhi yake, au ugomvi wake na serikali ya kijiji, mfiche. Jina lake likitoka anaweza kudhurika, na hukuja kwake kumdhuru. Lakini utungo ni jambo jingine. Aliyetunga shairi ni mwandishi, sawasawa na yule aliyechapwa Nairobi au London, na mwandishi ana haki ya kutajwa. Anayeimba wimbo wa kurithi hakuutunga, lakini ndiye aliyekupokeza, na katika isnadi mpokezi hutajwa. Kwa hiyo muulizeni. Katika fomu ya ridhaa wekeni maswali mawili yaliyotengana: je, maelezo ya maisha yako tuyaweke bila jina? Je, tungo zako tuziweke kwa jina lako? Kama hasomi, rekodini jibu lake kwa sauti. Wapo watakaokataa, mathalani nyimbo za jandoni na unyagoni hazikutungwa zisikike na kila sikio. Hapo heshimuni, na mwandike kwamba mmeombwa msitaje. Wengi watakubali, na watawauliza kitabu kitatoka lini.

Akikubali, taja jina lake kamili kama anavyolitaja mwenyewe, mahali mlipokaa, tarehe, utanzu, alijifunza kwa nani ikiwa anakumbuka, na rekodi imehifadhiwa wapi. Hilo la mwisho msilipuuze. Rekodi iliyobaki kwenye simu yako, siku simu ikiibwa kituoni, imeondoka na chanzo. Iwekeni maktabani au kwenye hifadhi ya idara, ipewe namba, na namba hiyo iwe kwenye marejeleo. Miongozo mingine ya kigeni husema mahojiano ya ana kwa ana yasiingie kwenye orodha ya marejeleo kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Basi yafanyeni yafikike, kisha yaingizeni. Methali nazo ni vivyo hivyo. Ukitumia methali kusukuma maneno yako haihitaji mabano. Ukiichambua, sema umeitoa kwenye mkusanyo upi, maana Taylor alichapa wake mwaka 1891 na si kila umbo alilolisikia Mombasa ndilo linalosemwa leo Morogoro. Au sema nani alikuambia, wapi, na katika mazungumzo gani.

Namalizia na mashine. Zipo programu za akili unde zinazoandika Kiswahili cha kuridhisha, na mkiziomba marejeleo zitawapa. Tatizo ni kwamba hutunga. Zitakupa jina la msomi wa kweli, jina la jarida la kweli, juzuu na kurasa, na makala hiyo isiwepo duniani. Mwaka 2023, jijini New York, mawakili katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca waliwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Jaji alizitafuta, hakuziona, na akawatoza faini ya dola 5,000. Mawakili hao walikuwa na kila nafasi ya kufungua maktaba ya sheria na kutazama. Ukirudi kwenye kanuni yetu, jambo ni jepesi: programu haikukupokeza neno kutoka kwa yeyote. Isnadi yake imekatika kabla haijaanza. Kama imekudokezea kitabu, nenda ukakitafute. Ukikishika, ukakisoma, taja kitabu. Usipokipata, hakimo.

Msiweke imani pia kwenye asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua maandishi yanayofanana na ya wengine. Programu ile hulinganisha maandishi na maandishi. Inaweza kukuhesabia ubeti ulionukuu kwa uaminifu, na ikaiacha aya nzima uliyoitoa kwenye Kiingereza bila kumtaja mwenyewe. Nimesikia wanafunzi wakiulizana nje ya ofisi: umepata asilimia ngapi? Swali la kuulizana ni kama kila ukurasa uliotajwa umefunguliwa.

Mchana tukirudi saa nane, kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa mapitio ya maandiko aliouandika mwenyewe, pamoja na vitabu na nakala alizozitumia kwenye ukurasa huo. Mtabadilishana na aliye jirani yako. Yeye atafungua kila chanzo mahali ulipomwelekeza na kulinganisha neno kwa neno, nukta kwa nukta. Palipotajwa kitabu ambacho hakikuletwa kwa kuwa hakikuwahi kushikwa, apapigie mstari kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo mtakapoanza kuandika upya jioni. Wenye rekodi za uwandani waje na fomu zao za ridhaa. Hao nitakaa nao mimi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.